Gari la Picha na Gari la Bandarini: Minada ya Mtandaoni na Wanunuzi wa Mpakani

Jambo tulilolileta mbele yenu si la wizi wa usiku wala la magendo ya porini. Ni la gari linunuliwalo kwa kidole, juu ya kioo cha simu, kutoka kwa mtu ambaye mnunuzi hajamwona na pengine hatamwona kamwe.

Tumelichagua kwa sababu mashtaka yake hutufikia yakiwa yamechelewa. Mwizi wa ng'ombe huacha nyayo, na wanakijiji huzifuata kabla ya jua kupanda. Fedha iliyotumwa ng'ambo haiachi nyayo za namna hiyo, na kila siku inayopita huisogeza mbali zaidi. Ndiyo maana tumeona ni heri tuzungumze na watu ambao bado hawajanunua.

Sura ya mashtaka hayo haibadiliki sana. Watu watano au sita wa chama cha kuweka na kukopa wameunganisha akiba zao ili wanunue Toyota Noah ya kubebea abiria kati ya mpaka na mji wa jirani. Mmoja wao ana mpwa ajuaye mambo ya mtandao. Mpwa anaona tangazo: mnada wa Japani, gredi ya 4.5, kilomita 68,000, magurudumu yote manne yanavuta, halijapata ajali, mnada unafungwa saa sita za usiku. Bei iko juu kuliko ya magari mengine ya aina hiyo, lakini muuzaji ana jibu lililokwisha kuandaliwa: kizuri hugharimu. Fedha inatumwa. Miezi inapita. Gari likifika, kama linafika, magurudumu yanayovuta ni mawili. Chini ya zulia kuna kutu. Mpira wa pedali ya breki umelika hadi chuma kinaonekana, na hali mita bado inasoma kilomita elfu sitini na nane. Wanachama wanakuja kituoni wameshika simu yenye picha. Na picha hizo, lazima tuseme, ni nzuri kweli.

Katika kisa hicho yamo mambo mawili yaendayo pamoja siku zote: jina lisilo la kitu chenyewe, na bei iliyopandishwa kwa nguvu ya jina hilo.

Ugonjwa huu si wa magari peke yake, wala si wa Afrika peke yake. Huko Marekani, Uingereza na Ujerumani wako watu wazima, wenye kazi za heshima, wanaokusanya treni ndogo za mfano: za Lionel, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka wa 1900, za Hornby, zilizoanza kutengenezwa Liverpool mwaka wa 1920, za Märklin ya Ujerumani. Treni ya zamani iliyo kamili, ndani ya boksi lake la asili, huweza kuuzwa kwa fedha nyingi. Tangu minada ilipohamia mtandaoni katika miaka ya 1990, wakusanyaji hao wamekuwa na vilio vilevile: kitu kilichotengenezwa kwa maelfu kinaitwa adimu, kichwa cha treni kilichopakwa rangi upya kinaitwa cha asili, boksi lililochapwa juzi linatiwa treni ya miaka ya 1950 ili bei ipande. Hata kipimo huandikwa ovyo. Treni za kipimo cha HO ni ndogo mara 87 kuliko treni ya kweli, na zile za OO, zilizozoeleka Uingereza, ni ndogo mara 76. Lakini zote hupita juu ya reli ya upana uleule, milimita 16.5. Muuzaji akiandika jina moja badala ya jingine, mnunuzi huona treni imekaa sawasawa juu ya reli yake, asitambue kasoro mpaka atakapoyaweka mabehewa mawili bega kwa bega.

Habari hii ya mbali tumeileta kwa sababu inaonyesha wazi kwamba mjuzi wa kitu naye hudanganywa, maadamu anakinunua bila kukishika. Tofauti iko katika hasara. Aliyeletewa treni isiyo yake hupoteza fedha na nafasi ya rafu. Aliyeletewa gari lisilo lake hupakia ndani yake watoto wa shule.

Basi turudi kwenye magari, na tuanze na mnada wenyewe. Minada ya magari ya Japani ipo, na ni mikubwa. Kampuni ya USS, iliyo kubwa kuliko zote, ina kumbi katika sehemu nyingi za nchi hiyo. Ukumbi wake uitwao wa Tokyo, ambao kwa hakika uko Noda katika mkoa wa Chiba, hufanya mnada wake kila Alhamisi, na magari yanayopita hapo kwa siku moja huhesabiwa kwa maelfu. Kila gari hupewa sekunde chache tu, na bei hupandishwa kwa kubonyeza kitufe. Lakini wanaoruhusiwa kubonyeza ni wafanyabiashara walio wanachama. Mtu wa Mutukula, wa Busia au wa Malaba hulipata gari huko kwa kupitia mwanachama au wakala wake, naye hulipwa kwa kazi hiyo. Hayo ni biashara halali na wengi wenu mmefaidika nayo.

Lisilo halali ni ule "mnada wa Japani" unaoendeshwa katika kundi la simu, wenye saa inayohesabu kurudi nyuma na wanunuzi watatu wasio na sura wakishindana kupandisha bei. Mara nyingi hao watatu ni mtu mmoja mwenye laini tatu. Haraka anayokutia ndiyo bidhaa anayouza. Gari ni kisingizio. Mnada wa kweli huisha kwa sekunde chache, lakini kabla yake karatasi za gari huwa zimetolewa kwa wanunuzi wazisome kwa utulivu.

Karatasi hizo ndizo kiini cha maneno yetu ya leo. Kabla gari halijaingia ukumbini, mkaguzi wa mnada hulizunguka, hulifungua, hulichungulia chini, kisha hujaza karatasi ya ukurasa mmoja. Mkaguzi huyo hakuajiriwa na yule anayekuuzia mtandaoni, na wakati alipokuwa akiandika hakujua kama gari litakwenda Kampala, Lusaka au Dubai. Kwa hiyo maneno yake yana uzito ambao tangazo haliwezi kuwa nao. Juu ya karatasi kuna gredi. Gari lililo karibu jipya hupewa S au 6. La 5 au 4.5 ni safi sana, la 4 ni zuri la kawaida, la 3.5 au 3 lina kasoro zinazoonekana. Herufi R au RA ni ya gari lililoumia katika mifupa yake likatengenezwa. Kando ya gredi kuna herufi ya hali ya ndani, A ikiwa ndiyo bora. Halafu kuna mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi ya mbuzi, na juu ya mchoro huo mkaguzi huandika alama: A kwa mkwaruzo, U kwa kibonyeo, W mahali paliponyooshwa au kupigwa rangi upya, S kwa kutu, X kwa bati linalohitaji kubadilishwa, XX kwa lililokwisha kubadilishwa. Tarakimu inayofuata herufi hueleza ukubwa wa kasoro, kwa hiyo A1 ni mkwaruzo mdogo na A3 ni mkubwa. Kumbi hazilingani sawasawa katika ukali wa gredi, lakini alama za mchoro husomeka karibu namna moja kila mahali.

Muuzaji asiye mwaminifu hana haja ya kughushi karatasi hii. Anaitafsiri tu. Karatasi imeandikwa kwa Kijapani, na yeye anamtumia mnunuzi muhtasari wake mzuri, ambamo 3.5 imekuwa "safi", na sentensi ya mkaguzi kuhusu kutu ya chini ya gari imeanguka njiani. Wengine huchukua karatasi ya gari jingine lililo bora wakaiambatanisha na picha za gari lililo mbele yao. Kwa hiyo daini karatasi yenyewe, si muhtasari. Dai nakala inayosomeka hadi pembeni. Na linganisheni namba ya chesisi iliyo juu yake na ile iliyopigwa kwenye chuma cha gari. Simu nyingi za sasa zinaweza kutafsiri maandishi ya Kijapani kwa kuyaelekezea kamera. Tafsiri hiyo haina ufasaha, lakini neno "kutu" au neno "mafuriko" hutokea bila kificho.

Hapa tunataka kutaja jambo moja linalowagonganisha hata watu waaminifu. Wajapani husema gari lina "shufukureki", yaani historia ya kutengenezwa baada ya ajali, pale tu sehemu za kiunzi zilipoumia: nguzo, mihimili ya chini, paa, sakafu. Mlango uliobadilishwa au bampa lililovunjika haliingii katika hesabu hiyo. Basi mtu anapokuandikia kwamba gari halijapata ajali, huenda anasema kweli kwa kipimo cha Japani, na wewe ukasikia jambo kubwa kuliko alilolisema. Muulize swali la pili: je, ni bati gani zilizobadilishwa? Mchoro wa karatasi utakujibu ikiwa yeye hataki.

Kuhusu mafuriko, hakuna mengi ya kusema ila kwamba Japani ni nchi ya tufani na ya bahari, na mwezi wa Machi 2011 dunia nzima iliona magari yakielea kama magome ya ndizi. Gari lililozama hukauka, huoshwa, hung'arishwa. Likiwa mbele yako, vuta mkanda wa usalama hadi mwisho wake utazame kama umebaki na mstari wa matope, kisha angalia kutu kwenye reli za chini ya viti. Maji hayabagui mahali, na mwoshaji hafiki kila mahali.

Sasa mita. Kuna wanaoamini kwamba mita za kisasa za umeme haziwezi kurudishwa nyuma. Zinarudishwa, na kwa kifaa kinachoshikwa mkononi. Lakini Japani ina desturi inayotusaidia. Gari jipya la mtu binafsi hupelekwa kwenye ukaguzi wa serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na kilomita zake huandikwa. Gari linapofutwa katika daftari la Japani ili lipelekwe nje, hutolewa cheti cha usafirishaji, na katika cheti hicho hubaki kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Ikiwa cheti kinaonyesha kilomita 131,000 katika ukaguzi uliopita, na mita iliyo mbele yako inasoma 68,000, hakuna haja ya kumwita fundi. Vilevile katika karatasi ya mnada, alama ya nyota au ya dola iliyowekwa kando ya tarakimu za kilomita ni onyo kwamba mita imebadilishwa au haiaminiki. Na kuna shahidi mwingine, mdogo, ambaye matapeli humsahau: mafundi wa Japani wanapobadilisha oili hubandika kikaratasi chini ya boneti au kwenye ukingo wa mlango, chenye tarehe na kilomita za siku ile. Tarakimu zake husomeka hata na asiyejua Kijapani.

Namba ya chesisi nayo ina maneno mengi kuliko tangazo. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Yana kifungu kifupi cha aina, mstari, kisha namba ya mfululizo. Kifungu hicho cha kwanza ndicho jina la kweli la gari. Noah ya ZRR70 huvutwa na magurudumu mawili. Ya ZRR75 huvutwa na manne. Vitz ya KSP130 ina injini ya lita 1.0, ya NSP130 ina ya lita 1.3. Kwa macho ya picha ni mapacha. Kama treni zile za vipimo viwili juu ya reli moja, tofauti haionekani mpaka mzigo upakiwe na mlima uanze. Tangazo linaloficha kifungu hiki kwa kidole gumba au kwa utusitusi wa picha linafaa kuachwa hapo hapo, hata kama kila kitu kingine ndani yake kinapendeza.

Mwaka wa gari unastahili maelezo ya pekee kwetu sisi wa mpakani, kwa sababu mwaka hupimwa kwa fimbo tofauti kila upande wa boriti. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane. Uganda, kwa sheria ya usalama barabarani iliyorekebishwa mwaka wa 2018, huzuia gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa kwake, pamoja na vighairi vichache. Tanzania haina kikomo cha namna hiyo, bali hulitoza ushuru wa ziada gari lililozeeka. Rwanda hupita upande wa kulia wa barabara, na gari la usukani wa kulia, ambalo ndilo takriban magari yote ya Japani, lina mlango mwembamba huko. Kwa hiyo gari lililo halali kabisa katika yadi ya Dar es Salaam linaweza kuwa chuma kisichosajilika Masaka, na tangazo moja husomwa na watu wa pande zote kwa saa ileile.

Angalieni pia kwamba Japani huandika miaka kwa zama za wafalme wake. Mkiona H na tarakimu, ongezeni 1988: H23 ni 2011. Mkiona R, ongezeni 2018: R1 ni 2019. Tena cheti cha Japani huandika mwezi wa kusajiliwa kwa mara ya kwanza, na kusajiliwa si kutengenezwa. Gari lililotoka kiwandani Desemba 2010 linaweza kusajiliwa Machi 2011, likatangazwa kuwa la 2011, na muuzaji asiwe ametamka uongo. Miezi hiyo mitatu yaweza kuwa ndiyo tofauti ya gari kuingia na gari kuzuiwa. Wengi husaidiwa na kilebo kilichoshonwa chini ya mkanda wa usalama, kwa kuwa huwa na mwaka wa kutengenezwa mkanda wenyewe. Si hati rasmi, lakini mkanda uliotengenezwa 2009 haukosi kuzusha maswali ndani ya gari linaloitwa la 2011.

Tumeshaongea sana kuhusu jina. Bei tutaipitia kwa ufupi zaidi, kwa kuwa hesabu yake ni ya wazi kwa yeyote atakayekubali kuifanya. Bei inayotangazwa ya bandarini Japani haina nauli ya meli. Bei ya kufika Mombasa au Dar es Salaam ina nauli na bima, lakini haina gharama za bandari, wala za wakala wa forodha, wala za kuliendesha hadi mpakani, wala kodi. Na kodi haikadiriwi lazima kwa ankara uliyoletewa. Mamlaka ina thamani zake za magari yaliyotumika, na ushuru wa mazingira huongezeka kwa umri. Muuzaji anayekwambia "bei yote, umemaliza" hajataja nchi yenu katika hesabu yake. Tumeona magari yaliyofika salama, yenye sifa zilizotangazwa, yakabaki bandarini yakila ada ya kuhifadhiwa kila siku kwa sababu wenyewe walidhani wamemaliza kulipa. Njia ya kujua kama bei imepandishwa kupita kiasi ni ya kienyeji kabisa: chukua kifungu cha chesisi, mwaka na gredi, uulize bei ya gari la namna hiyohiyo kwa wauzaji watatu wasiofahamiana. Lakini ulinganishe gredi kwa gredi. Gari la R likiwekwa kando ya gari la 4 bei zake hazisemi kitu.

Wapo pia ambao hawauzi gari lolote. Hunakili ukurasa wa msafirishaji anayejulikana, picha na nembo, wakabadilisha herufi moja ya anwani na namba ya akaunti. Hapo kuna jambo moja la kutazama kabla ya yote: jina la mwenye akaunti na nchi ya benki. Kampuni inayodai kuwa Yokohama, ikitaka fedha kwenye akaunti ya mtu binafsi katika nchi ya tatu, haihitaji kuchunguzwa zaidi. Wasafirishaji wa magari yaliyotumika wa Japani wana chama chao, JUMVEA, chenye orodha ya wanachama inayosomeka na kila mtu. Kutokuwemo humo si uthibitisho wa uhalifu, ila anayedai kuwemo na hayumo amekwisha kujieleza. Tena piga simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, usiyopewa na tangazo.

Hapa mpakani tuna aina yetu wenyewe, na tungewakosea kama tungekaa kimya. Gari lenye namba za nchi jirani huwekwa mtandaoni kwa bei ndogo, picha zake zimepigwa mbele ya jengo mnalolijua. Muuzaji husema kwamba lina kibali. Lina kibali kweli: cha kuingia kwa muda, au cha kupita kwenda nchi nyingine. Kibali cha namna hiyo hakihamishiki kwa mnunuzi, na gari ambalo kodi yake haijalipwa hufuatwa na kodi hiyo kwa yeyote atakayekutwa nalo. Hapo si tapeli atakayesimamishwa barabarani. Ni wewe, mwenye funguo.

Na pengine gari lenyewe liliibwa. Mwaka wa 2015 ilitangazwa nchini Uingereza jinsi Lexus iliyoibwa huko ilivyofuatiliwa kwa kifaa chake cha mawasiliano hadi Uganda, na magari mengine ya kifahari yakapatikana pamoja nalo. INTERPOL ina hifadhidata ya magari yaliyoripotiwa kuibwa, na polisi wa nchi zetu huweza kuiuliza. Mnunuzi akituletea namba ya chesisi kabla ya kulipa, swali lake ni jepesi. Akituletea baada ya kulipa, tutalazimika kulizuia gari, hata kama tunamwamini kwamba hakujua.

Mtatuuliza sheria inasema nini. Kujipatia fedha ya mtu kwa udanganyifu ni jinai, kwa mdomo au kwa simu. Sheria ya Uganda ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka wa 2011 inautaja ulaghai wa kielektroniki waziwazi. Na sheria ya mauziano ya bidhaa na huduma ya mwaka wa 2017 inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Hilo ni dai la madai, la mahakamani, hata pale ambapo jinai ni ngumu kuithibitisha. Lakini sheria hizi humfikia upesi aliye hapa: dalali, wakala, mpwa wa mtu aliyepokea kamisheni. Aliye ng'ambo hufikiwa kwa barua za serikali na serikali, na barua hizo hutembea polepole. Hatutawaficha hilo kwa maneno ya kutia moyo.

Kwa hiyo kwa yule ambaye fedha yake imeshatoka, mpangilio ni huu. Nenda benki kwanza, siku ileile, ukaombe uhamisho usimamishwe kama bado haujapokelewa upande wa pili. Kisha njoo kituoni. Usifute mazungumzo kwa hasira. Usimtukane muuzaji wala kumwambia kwamba unakuja polisi, maana atafunga ukurasa wake usiku huo. Tuletee simu yenyewe iliyo na ujumbe, si picha za ujumbe pekee. Risiti ya benki yenye jina na namba ya mpokeaji. Anwani kamili ya ukurasa. Na namba ya chesisi, hata kama unadhani ni ya uongo, kwa sababu huenda imekwisha kuandikwa katika faili la mtu mwingine. Anayeona haya atume mwenyekiti wa kijiji aje naye. Tumegundua kwamba haya ndiyo inayowalinda matapeli kuliko ufundi wao wote: mwalimu, mchungaji, mwenye duka, kila mmoja hukaa na hasara yake ndani ya nyumba, na tangazo lilelile likaendelea kusomwa na jirani yake.

Na kwa yule ambaye fedha bado iko mfukoni, dawati la polisi jamii lipo. Njoo na karatasi yako ya Kijapani, au na picha yake iliyo wazi, pamoja na namba ya chesisi. Tutaketi, tutaisoma alama kwa alama, tutauliza kuhusu chesisi, nawe utaondoka na kujua gari lililoandikwa humo ni lipi. Huduma hiyo haina ada, na anayekuomba ada kwa ajili yake tupatie jina lake pia.

Sasa tunakaribisha maswali, tukianza na wazee wa upande wa pili wa boriti, ambao wana safari ya kurudi kabla kivuko hakijafungwa.